Kamera Bado Imelala

Muuguzi alinikuta mlangoni mwa wodi, na kabla hajaniambia kwamba dada yangu amefariki, aliniuliza kama mgonjwa wangu alikuwa na safari.

"Safari ya wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, kaka. Alfajiri alipata nguvu kidogo akazungumza. Akasema, mwambie pasipoti bado imelala, aje aiamshe mwenyewe. Nikaona hayo ni mambo ya ofisini. Nikamwambia usijali mama, ndugu yako akija nitamfikishia."

Halafu akaniambia lililobaki, kwa sauti ya chini, amenishika kiwiko. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani na siku mbili za dawa hazikusaidia kitu. Nilimshukuru. Alinipa fomu nikasaini, na nilipoona amekosea tarehe nikamsahihishia. Nilishuka ngazi, nikanunua mkate kwenye kibanda cha nje ya geti, nikaula nimesimama kando ya ukuta mpaka ukaisha.

Nisijipambe. Sikusikia uchungu, sikusikia woga, sikusikia chochote. Siku ya mazishi shangazi yangu alinivuta pembeni akaniambia, "Lia mwanangu, usijikaze." Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nahesabu viti vya kukodi, maana vilikuja pungufu ya viwili na mwenye navyo alikuwa anabisha. Daktari nilimuuliza mara mbili kama mtu akipigwa na baridi usiku mmoja, mshipa unaweza kupasuka wiki tatu baadaye. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili aliniangalia kwanza, kisha akasema hapana.

Wiki iliyofuata nikaenda ofisi ya uhamiaji kuiamsha pasipoti. Si mbali, studio yangu inatazamana nayo. Ninaishi kwa ofisi ile, kwa sababu wote wanaoingia kwao huanza kwangu kupiga picha. Karani ananijua. Nilimwambia faili la dada yangu limelala kwao, naomba liamshwe. Dada alikuwa amewahi kuniambia kuna watu wa ng'ambo wanataka kuonyesha picha zake, kwa hiyo nilimwamini muuguzi moja kwa moja. Karani alifungua kabati la kwanza, akafungua la pili, akamwita mwenzake, wakapekua pamoja.

"Mzee wa picha," akasema mwishowe, "dada yako hajaomba pasipoti. Hata fomu hajawahi kuchukua."

Nikasema sawa. Lakini nilikuwa na kikaratasi cha foleni mkononi, na namba yangu ilikuwa bado haijaitwa, basi nikarudi kwenye benchi nikakaa nusu saa nzima mpaka ikaitwa. Ndipo nikaondoka.

Sasa nieleze habari ya dada na kazi yake, maana bila hiyo haya mengine hayashikiki.

Studio ni ya baba. Mimi na dada tulikulia humo, katikati ya mapazia na harufu ya dawa za kusafishia filamu. Baba alipokufa mimi nilibaki na studio na dada akachukua kamera kongwe kuliko zote, ile nzito ya chuma isiyotumia betri. Mimi nikageuka mtu wa picha ndogo. Tazama hapa, inua kidevu, usicheke. Miaka ishirini na sita ninawaambia watu wasicheke, na wananitii. Dada yeye akaenda kupiga picha milima, machimbo, mabwawa na majabali, tena usiku, tena bila taa.

Picha yangu mimi huchukua muda wa kupepesa jicho. Yake ilichukua saa tatu, saa nne, wakati mwingine usiku mzima. Alifungua pazia la kamera, ule mlango mdogo unaoingiza mwanga, akakaza skrubu ya waya wa kubonyezea ili lisijifunge, akakaa chini kwenye mkeka kungoja. Kidogo kidogo mwanga mchafu wa nyota na wa mji wa mbali ulijikusanya kwenye filamu mpaka jabali ambalo jicho lako haliwezi kuliona likatokea na mikunjo yake yote. Maji ya bwawa yakawa laini. Nyota nazo, kwa kuwa hazitulii, zikachora mistari ya mviringo angani. Kitu kinachotembea bila taa hakionekani kabisa. Aliwahi kupiga uwanja wa soko wakati wachuuzi mia wanafunga biashara na kubeba magunia, na picha ilipotoka uwanja ulikuwa mtupu. Aliyeonekana ni mlinzi tu, amesinzia kwenye kiti, kila kifungo cha shati kimetoka safi. Mwajiri wake alipoiona picha hiyo alimfukuza kazi, na dada akalazimika kwenda kumwombea msamaha.

Kufungua pazia na kuliacha wazi, nyumbani kwetu kuliitwa kulaza. Baba ndiye aliyeanzisha. Enzi zake alikuwa akiitwa kupiga picha kumbi kubwa zenye giza, na sisi watoto tukifuata nyuma alituambia kamera imelala, msikimbie. Tukatembea kwa vidole vya miguu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipocheka kwamba tuliiita imelala wakati ule ule ambao jicho lake lilikuwa limefumbuka kuliko siku zote. Kulifunga pazia kukaitwa kuamsha. Na kulikuwa na sheria moja ya kazi, ya kawaida kabisa, kama ya kurudisha funguo kwenye msumari wake: aliyeilaza ndiye aiamshe, mwingine asiguse. Baba aliwahi kupoteza picha ya harusi ya mtu mkubwa kwa sababu mimi nilifunga pazia, na dada akidhani halijafungwa akabonyeza tena, likafunguka upya. Tulichapwa wote wawili.

Dada alisema picha za aina hii ndizo pekee zinazomlazimisha mpigaji akae mahali. Mimi nilimtania. Nilimwambia anachopiga ni pasipoti za mawe, maana yametulia, yanatazama mbele na hayacheki. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Huo ulikuwa wakati mama yupo. Mama aliugua miezi minane nyumbani kwangu. Nilimlisha, nilimwogesha, nilijifunza kumgeuza bila kumuumiza. Dada alikuja, alikaa, aliondoka. Usiku mama alipokata roho, dada alikuwa kwenye majabali ya mbali ambako simu haishiki, na alifika baada ya siku mbili, viatu vimejaa vumbi jeupe. Mama alikuwa amemwita mara tatu. Jina langu hakuliita, maana mimi nilikuwa pale. Mwaka mzima nililibeba hilo kifuani na sikumwambia mtu.

Wiki tatu kabla ya kulazwa hospitali, dada akaja studio akaniomba nimsindikize. Mgongo ulikuwa unamsumbua na stendi ya kamera ni nzito. Nikakubali. Tukaenda na gari langu mpaka barabara ya chini ya machimbo ya zamani, tukaliacha hapo, tukapanda kilima kwa miguu jua likizama. Njia ni nyembamba na ina kona nyingi. Dada alitangulia. Mgongoni, kwenye mkanda, alikuwa amefunga taa ndogo nyekundu, ile ya nyuma ya baiskeli, ili anayemfuata asipotee. Niliifuata taa ile mpaka juu kama ng'ombe. Tulipofika akaizima.

Aliiweka kamera ikitazama kule kule tulikotoka: mteremko wote na kona zake, bwawa upande, barabara chini kabisa, na anga. Akaweka filamu mpya. Giza lilipokamilika akanipa waya mkononi.

"Laza wewe leo, mdogo wangu."

Nikabonyeza, pazia likafunguka, nikakaza skrubu.

"Saa nne nzima," akasema. "Ukitaka kushuka kwenda garini, zunguka kwa nyuma ya kilima. Mbele usipite. Na tochi usiwashe, nakuomba."

Tulikaa kama saa moja kimya. Labda ni kimya kile kilichoniponza. Studio yangu haina kimya, kuna feni, kuna mashine ya kuchapisha, kuna watu wanaouliza kama masikio lazima yaonekane. Kule juu nilianza kujisikia mwenyewe.

"Mama alikuita," nikasema.

"Najua."

"Huwezi kujua. Hukuwepo."

Akasogeza mkeka karibu na stendi.

"Ulikuwa wapi usiku ule?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Nataka ulitamke wewe."

"Nilikuwa nimelaza kamera."

"Mama anakata roho, wewe unangoja mawe."

Nilidhani atajitetea. Nilidhani atalia, au atanitukana, na vyote viwili nilikuwa nimejiandaa navyo. Yeye akasema, "Funga zipu ya jaketi lako, baridi inaingia."

Hapo damu ikanipanda. Niliinuka, nikawasha tochi, nikaielekeza kwenye lenzi, katikati ya jicho, nikahesabu mpaka tano. Kisha nikashuka kwa njia ya mbele, makusudi, naipeperusha tochi juu na chini, kila kona naielekeza nyuma juu ya bega, bila kutazama, ili picha iharibike vizuri. Nilikuwa nangoja anipigie kelele. Mwanamke aliyewahi kumkaripia padri kwa kuwasha kiberiti karibu na kamera yake hakusema neno. Nikajua basi ameiziba lenzi kwa kiganja, amekaa na mawe yake, anangoja nipite ili aendelee. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Chini gari likagoma kuwaka. Nikafungua boneti, nikaanza kuchokonoa nyaya, tochi mara mdomoni, mara juu ya betri. Kama dakika kumi nilizungumza na injini na nilizungumza na dada, nikichanganya. Na kuna sentensi moja niliisema kwa sauti, pale barabarani, peke yangu. Nilisema, "Bora angekufa yeye, mama akabaki." Halafu nikairudia, kwa nguvu zaidi, kana kwamba injini haikunielewa mara ya kwanza.

Gari likawaka. Nikaondoka nikamwacha kilimani.

Asubuhi alipata lifti ya lori la kokoto. Hakunipigia simu, nami sikumpigia. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu, na ya tatu haikuisha vizuri. Nilipofika hospitali siku ya kwanza hakuwa anajitambua. Siku ya pili nilichelewa, nikamkuta muuguzi mlangoni.

Maneno yale hakuna aliyeyasikia. Hilo ndilo nililolishikilia wiki zote zile nikiwaambia watu wainue kidevu. Mtu anaweza kusema jambo baya gizani, na kama halikusikika, labda halikusemwa. Sikusema ni hoja nzuri. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Zilipopita wiki tano tangu mazishi, mpwa wangu akaja studio. Ni mtoto pekee wa dada, mwalimu wa hesabu, mtu asiyepoteza maneno. Aliweka begi la kamera juu ya kaunta, katikati ya picha nane za mteja zilizokuwa zinasubiri mkasi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Na wewe pia. Sikiliza, maonyesho ya mama ni wiki ijayo, ukumbi wa maktaba. Tumetundika picha kumi na moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kumi na mbili, na ya mwisho aliandika iko njiani. Msumari wake upo ukutani, mtupu. Nimefikiri itakuwa humu ndani."

"Peleka kwa wanaosafisha filamu."

"Wako wapi? Nimeuliza mji mzima, watu wananitazama kama nimeuliza bei ya mkokoteni wa punda. Ni wewe tu, Mjomba."

Alikuwa anasema kweli. Lakini mimi sikuwa nimesafisha filamu miaka kumi na moja, na filamu haina kurudia. Ukikosea dawa, ukikosea muda, mwanga ukipenya kidogo tu, basi imekwenda. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho ya mama yake. Tena ndani yake kulikuwa na tochi yangu.

"Alikwambia nini kuhusu usiku ule?" nikamuuliza, mkasi mkononi.

"Hakuniambia kitu. Nilimuuliza kwa nini amerudi na lori, akasema gari lako lilisumbua."

Nikafungua begi ili nisimtazame. Kamera ilikuwa imevishwa soksi nene ya sufu. Lenzi ilikuwa imezibwa kwa kifuniko chake, na juu ya kifuniko kulikuwa na tepu nyeusi ya fundi umeme, imezungushwa mara nne na kukandamizwa kwa kucha. Waya ulikuwa bado umefungwa. Nikagusa skrubu. Ilikuwa imekazwa, kama nilivyoikaza mimi.

"Imeharibika?" mpwa wangu akauliza.

"Hapana. Imelala."

Nililisikia neno likitoka mdomoni mwangu. Mwambie pasipoti bado imelala. Pasipoti ni mimi. Dada alinibatiza jina hilo siku ile ya utani wa mawe, akaniita hivyo miaka na miaka, yeye peke yake, na tangu usiku wa machimbo sikuwa nimelisikia. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya serikali, nimekaa kwenye benchi na kikaratasi cha foleni, wakati ujumbe ulikuwa ni wangu kwa jina. Mwambie Pasipoti, bado imelala. Aje aiamshe mwenyewe.

"Mjomba?"

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

Alipoondoka nilikwenda na kamera mpaka mlangoni. Nje jua lilikuwa kali, foleni ya uhamiaji imefika kwenye kona. Pazia lilikuwa wazi. Kilichozuia mwanga ni kifuniko na tepu tu. Ningebandua tepu, ningeinua kifuniko, na kwa muda wa kupepesa jicho kila kitu kingeungua: kilima, hasira yangu, na ushahidi wa dada kubaki na mawe yake. Ningemwambia mpwa wangu filamu ilikuwa imezeeka. Angeniamini. Niliweka ukucha kwenye ncha ya tepu, nikaibandua kama nusu inchi. Mteja akaja akauliza kama picha nne zinatoka kwa dakika ngapi. Nikairudisha tepu mahali pake, nikamwambia dakika tano, inua kidevu.

Kesho yake mchana nilifunga duka. Chumba cha giza siku hizi ni stoo, nikatoa maboksi na mapazia, nikaziba mlango kwa blanketi, nikachanganya dawa kwa kufuata karatasi ya baba iliyokuwa bado imebandikwa ukutani. Nikazima taa. Giza la chumba kile halina hata ufa.

Nikalegeza skrubu. Pazia likajifunga, tak, sauti ndogo kama ya mtu anayekunja kidole. Sikuhisi kitu. Nikazungusha filamu mpaka mwisho, nikafungua mgongo wa kamera, nikaanza kuipenyeza filamu kwenye gurudumu lake kwa vidole. Mara mbili iligoma. Mara ya pili nilikaa chini sakafuni na kungoja vidole viache kutetemeka, na nikashangaa kwamba vinatetemeka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimetulia. Ya tatu ikaingia. Nikaiweka kwenye tangi, nikafunga, nikawasha taa, nikamimina dawa. Dakika kumi na moja. Nilihesabu kwa sauti kama alivyotufundisha baba, natikisa tangi kila baada ya thelathini. Kisha maji, kisha dawa ya pili, kisha maji tena.

Nikaikunjua mbele ya dirisha. Sehemu kubwa ya filamu ilikuwa tupu, na mwisho wake picha moja.

Kwenye negetivu mambo yako kinyume, penye mwanga pana weusi, penye giza ni wazi. Nililaza ile picha juu ya kioo chenye taa nikachukua lenzi ya kukuzia ya baba. Kitu cha kwanza kuona ni mimi. Doa kubwa jeusi karibu na juu, pale nilipohesabu mpaka tano. Kutoka hapo mstari mnene ulishuka, ukipanda na kuteremka ovyo kama mtoto aliyepewa kalamu, kona baada ya kona, mpaka barabarani, ambako ulijisokota na kuwa fundo. Hilo fundo ni gari.

Nikatazama nyota. Mistari yake ilikuwa mifupi. Kazi hii naijua, najua nyota inasogea kiasi gani kwa saa. Zile hazikuwa saa nne. Zilikuwa saa mbili, tena kwa shida. Alikuwa ameiacha picha yake njiani, na dada hakuwahi kuacha picha njiani.

Ndipo nikauona mstari wa pili.

Ulikuwa mwembamba kama uzi, na mwanzoni nilidhani ni mkwaruzo, nikapitisha kidole. Haukuwa mkwaruzo. Ulianzia pale pale nilipoanzia mimi, nyuma kidogo, ukashuka njia ile ile. Kila kona niliyokata, nao ulikata. Wangu ulirukaruka, huu ulikwenda taratibu, kama mtu mwenye mgongo mbovu anayeteremka bila tochi, amewasha tu kile kitaa chekundu cha baiskeli kwenye mkanda wake wa nyuma. Mimi niliyekuwa mbele nisingeweza kukiona. Kamera iliyokuwa nyuma ilikiona.

Hakuwa amebaki na mawe. Aliiacha kamera imelala, akanifuata gizani mpaka chini ahakikishe nimefika.

Uzi uliishia kwenye kidoa, juu kidogo ya fundo la gari. Nilipima kwa jicho, nikapima tena kwa rula. Hatua ishirini, labda ishirini na mbili. Mstari ulikuwa wa kijivu lakini kidoa kilikuwa cheusi kabisa, maana yake taa ilisimama pale, haikusogea. Uzi wa kurudi haukuwepo, kwa sababu akipanda taa ilikuwa imetazama upande mwingine. Nilijaribu kukisoma kile kidoa kama ninavyosoma picha zangu, nijue kilikaa muda gani. Dakika kumi, au karibu na kumi. Gari lako lilisumbua, alimwambia mwanawe, na mimi sikuwa nimemwambia mtu.

Kwa hatua ishirini, usiku, kwenye machimbo yasiyo na mtu, unasikia boneti ikifungwa. Unasikia mtu akihema. Unasikia sentensi nzima, na ikirudiwa kwa nguvu unaisikia mara ya pili.

Niliweka lenzi chini. Dada alinisikia nikisema bora angekufa yeye. Alisikia yote, akageuka, akapanda kilima peke yake na mgongo wake, akafika kwenye kamera, akaiziba, akaizungushia tepu mara nne. Skrubu hakuigusa, kwa kuwa niliyeilaza ni mimi. Akaibeba hivyo hivyo kwenye lori la kokoto, akakaa nayo chumbani wiki tatu akiningoja, na hata damu ilipomjaa kichwani alfajiri ile, akamtuma muuguzi anikumbushe kwamba zamu bado ni yangu.

Simu ikaita. Mpwa wangu alikuwa kwenye mapumziko, nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Imetoka, Mjomba?"

"Imetoka."

"Safi?"

"Imeharibika. Kuna mtu kapita mbele na tochi."

"Nani?"

"Mimi. Na nyuma yangu yupo mama yako. Mtaitundika hivyo hivyo."

Nilimsikia akitafuta kalamu. Chini ya kila picha dada alikuwa na desturi ya kuandika nani aliilaza, nani aliiamsha na imelala muda gani, na mtoto wake alitaka kuandika vile vile.

"Ililazwa na nani?"

"Na mimi."

"Ikaamshwa?"

"Na mimi."

"Muda?"

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu, tangu usiku ule wa machimbo mpaka mchana huu. "Siku hamsini na tisa," nikasema.

"Siku hamsini na tisa," akarudia, akiandika. Halafu akasema, "Mjomba? Upo?"

Nilitaka kumwambia nipo. Nilifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno, na kwa kuwa nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyolia nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, na maji ya kuoshea filamu yakiendelea kumwagika.